Maoni Yetu: Somo lianzie kaunta ya polisi

Kila mwaka ifikapo Julai 30, dunia huadhimisha siku ya kupinga usafirishaji haramu wa binadamu. Mabango hutundikwa, hotuba husomwa, na ahadi ya kuwapa polisi mafunzo haikosi kutajwa. Ni ahadi njema na tunaiunga mkono. Leo tunataka kusema nani aanze kupewa mafunzo hayo, ayapatie wapi na afundishwe nini.

Aanze askari wa kaunta: konstebo au koplo anayefungua kitabu cha taarifa saa nane usiku na kuamua nani apewe RB na nani aambiwe arudi kesho. Wapelelezi na wakubwa wao wafuate. Tunasema hivyo kwa sababu kesi ya namna hii huokolewa au hupotea katika dakika kumi za kwanza, na dakika hizo ziko mikononi mwa askari wa cheo cha chini.

Chukulia binti wa miaka 15 ameingia kituoni alfajiri, miguuni kandambili, begi hana. Anasema ametoroka nyumba aliyokuwa akifanya kazi. Aliletwa Dar es Salaam kutoka Singida na mwanamke anayemwita shangazi, ingawa si ndugu yake. Nyumbani waliahidiwa kwamba atasomeshwa ushonaji. Miezi saba sasa anafua, anapika na kulea watoto. Mshahara anaambiwa unatumwa kwa wazazi, simu yake imechukuliwa, na geti hufungwa kwa kufuli.

Askari ambaye hajafundishwa ana majibu matatu tayari mdomoni. La kwanza: haya ni madai ya mshahara, nenda ofisi ya kazi. La pili: haya ni mambo ya kifamilia, mkayamalize nyumbani. La tatu ndilo baya kuliko yote: anampigia simu mwenye nyumba aje kumchukua binti yake. Majibu yote hayo yanaweza kutoka kwa askari mwema, mchapakazi, asiyekula rushwa. Hajui tu kwamba aliyesimama mbele yake ni mwathirika wa kosa kubwa la jinai, na pia ni shahidi wa kwanza wa kosa hilo.

Sheria tunayo. Tanzania iliridhia mwaka 2006 Itifaki ya Palermo, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2000. Mwaka 2008 Bunge likatunga Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu, na marekebisho ya mwaka 2022 yakaziba mwanya uliomwezesha mkosaji kulipa faini badala ya kwenda jela. Tunayo pia Sekretarieti ya kupambana na uhalifu huu, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Lakini sheria haiwezi kumfikia binti yule ikiwa askari aliyempokea haijui.

Kikwazo cha kwanza ni jina la kosa lenyewe. Neno "usafirishaji" humfanya askari atafute safari. Anatafuta basi, lori, jahazi, pasipoti, mpaka. Asipoiona safari, haoni kosa. Sheria haisemi hivyo. Kusafirisha ni tendo mojawapo tu. Kumtafuta mtu, kumhamisha, kumhifadhi na kumpokea kwa nia ya kumnyonya ni matendo ya kosa hilohilo. Binti aliyezaliwa Tandale na kufungiwa katika nyumba ya mtaa wa pili anaweza kuwa mwathirika bila kupanda hata daladala.

Wenzetu wa Kenya husema ulanguzi wa binadamu, na neno lao linagusa kiini cha jambo. Wasomaji wetu wa umri mkubwa wanakumbuka mwaka 1983, wakati Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Msako ule uliingia maghalani na uvunguni mwa vitanda. Swali lilikuwa nani ameficha mali na anataka kupata faida gani kwayo. Askari wa leo aulize vivyo hivyo juu ya binadamu: nani anamshikilia mtu huyu, na nani anafaidika na jasho au mwili wake?

Hapo ndipo somo lianzie, na linatosha katika maswali matatu. Kimefanywa nini? Kimefanywaje? Kwa faida ya nani? Swali la kwanza linahusu tendo: alichukuliwa, alihamishwa, alipokewa, alihifadhiwa. La pili linahusu njia: vitisho, nguvu, ulaghai, ahadi za uongo, kutumia shida ya mtu. La tatu linahusu lengo: kazi za kushurutishwa, ukahaba, utumwa, kutolewa viungo. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18 swali la pili halihitajiki kabisa. Hata kama alikubali, hata kama baba yake alikubali na kupokea chochote, kosa linabaki palepale. Askari akishika hayo tu, majibu yale matatu ya mwanzo hayatamtoka tena.

Somo la pili ni kutofautisha usafirishaji haramu na magendo ya wahamiaji. Nchi yetu iko kwenye njia ya vijana wa Ethiopia wanaoelekea Afrika Kusini. Juni 2012, katika Wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma, ilikutwa miili zaidi ya 40 ya wahamiaji kutoka Pembe ya Afrika waliokosa hewa ndani ya lori na kutupwa porini. Taifa lilishtuka. Lakini mshtuko haukutosha kuwafundisha askari wa vizuizi vya barabarani nini cha kuuliza wakikuta lori jingine.

Katika magendo, mtu hulipa ili avushwe, na biashara huisha anapofika. Katika usafirishaji haramu, kufika ndiko mwanzo wa mateso, maana faida hupatikana kwa kumtumia. Ugumu ni kwamba la kwanza hugeuka kuwa la pili njiani. Kijana aliyelipa nauli kwa hiari hufungiwa katika nyumba ya kupitishia watu, ndugu zake wakadaiwa fedha zaidi, au akalazimishwa kufanya kazi ili alipe deni lisiloisha. Askari aliyefundishwa kuhesabu vichwa vya "wahamiaji haramu" atawafunga wote mahabusu pamoja, aliyeteswa na mtesaji wake, na mtesaji atahakikisha hakuna anayefungua mdomo. Askari aliyefundishwa vizuri atawatenganisha, atatafuta mkalimani asiyetoka katika kundi lile, na atamhoji kila mmoja peke yake.

Kuhoji ndilo somo la tatu, na hapa tunataka muda mrefu zaidi utumike. Mhalifu wa aina hii hujificha nyuma ya majina ya undugu. Huitwa shangazi, mama mdogo, mjomba, kaka. Atakuja kituoni na mtoto, atamjibia kila swali, na mtoto atatikisa kichwa kukubali. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kutomhoji mtu mbele ya aliyemleta. Ya pili ni kutomhoji kaunta, mbele ya foleni ya watu waliofuata PF3 na waliopotelewa na vitambulisho. Ya tatu ni kuvumilia. Maelezo ya kwanza ya mwathirika mara nyingi huwa na mapengo, na ya pili huweza kupingana na ya kwanza. Ana hofu, ana aibu, pengine alilishwa kiapo. Askari asiyejua hayo huandika "mlalamikaji anajichanganya" na kufunga jalada.

Liko pia swali ambalo lipigwe marufuku katika vituo vyote: "Kwa nini hukukimbia?" Humfanya mwathirika ajione ndiye mkosaji. Aulizwe hivi: "Kama ungetoka, ungepatwa na nini?" Jibu la swali hilo ndilo ushahidi wa vitisho ambao mwendesha mashtaka atauhitaji mahakamani.

Tunajua hoja itakayoletwa hapa. Kumpeleka mtoto mjini kwa ndugu ni desturi yetu ya kusaidiana, na wengi miongoni mwetu tumelelewa na shangazi wa kweli na kusomeshwa na wajomba wa kweli. Hatutaki polisi waingie katika kila nyumba yenye mtoto wa ndugu. Ndiyo maana mafunzo yanahitajika, ili askari ajue dalili zinazotenganisha malezi na unyonyaji. Je, mtoto anasoma kama watoto wengine wa nyumba ile? Anaongea na wazazi wake kwa simu bila kusimamiwa? Anaweza kutoka? Kama anafanya kazi, malipo anayashika nani? Shangazi wa kweli hujibu maswali hayo kwa dakika tano bila jasho kumtoka.

Somo la nne ni ushahidi. Kesi nyingi za aina hii hufa kwa sababu zimesimama juu ya mguu mmoja, yaani maelezo ya mwathirika. Akirudi kwao, akitishwa au akichoka kungoja, kesi inaanguka. Lakini biashara hii huacha alama kila inapopita. Zipo risiti za miamala ya simu kati ya dalali kijijini na mpokeaji mjini. Zipo tiketi za mabasi, ujumbe wa WhatsApp, sauti zilizorekodiwa za kuahidi kazi, daftari la wageni la gesti, na barua ya utambulisho iliyogongwa muhuri na mtendaji wa kijiji. Balozi wa nyumba kumi anajua nani alihamia lini. Askari wa kwanza akiyaandika hayo na kuilinda simu ya mwathirika isifutwe, mpelelezi atakuta kesi yenye miguu minne.

Somo la tano ni mwathirika aende wapi usiku ule. Mahabusu si mahali pake, na nyumbani kwa askari mwenye huruma pia si mahali pake. Askari awe na namba ya afisa ustawi wa jamii wa zamu, ajue makazi salama ya karibu yako wapi, na aijue namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo kuipigia ni bure. Polisi wetu wana Madawati ya Jinsia na Watoto zaidi ya 400 nchini. Huo ni msingi tayari. Askari wa dawati wafanywe walimu wa wenzao vituoni, na pawe na utaratibu wa kuwaita hata nje ya saa za kazi. Binti aliyetoroka hangoji saa mbili asubuhi.

Zaidi ya mipaka yetu kuna somo jingine. Mwaka 2022 uchunguzi wa BBC Africa Eye ulionyesha watoto wenye ulemavu waliochukuliwa Tanzania kwa ahadi za maisha bora na kupelekwa Nairobi kuombaomba barabarani, huku fedha walizopewa na wapita njia zikiishia mikononi mwa waliowaleta. Watoto wale hawakufichwa. Walikuwa juani, mchana kweupe, kwenye viti vya magurudumu. Tuliwaona tukawahurumia, tukadondosha sarafu, tukaendelea na safari. Polisi wa pande zote mbili za mpaka wafundishwe kumwona mtoto wa namna ile na kujiuliza nani anamleta asubuhi na nani anakuja kumchukua jioni.

Kenya ina Sheria ya mwaka 2010 inayotoa kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua Sh30 milioni za nchi hiyo, au vyote viwili, na Idara ya Upelelezi ya huko ina kitengo maalumu cha uhalifu huu. Wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki wana jumuiya yao, EAPCCO, tangu mwaka 1998. Tunapendekeza askari wa Namanga, Holili, Sirari na Horohoro wasome darasa moja na wenzao wa upande wa pili, wabadilishane namba za simu, na wasilazimike kungoja barua ipite wizarani ndipo mtoto afuatiliwe.

Kuna pia Ghuba. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 ilieleza mateso ya wanawake wa Kitanzania waliokwenda Oman na Falme za Kiarabu kufanya kazi za ndani: pasipoti kuchukuliwa, mishahara kutolipwa, saa za kazi zisizo na mwisho, kupigwa. Miaka ya karibuni vijana wa Kenya na Uganda wameahidiwa kazi za ofisini Asia wakajikuta Myanmar, wamefungiwa katika majengo ya utapeli wa mitandaoni. Askari na maafisa wa viwanja vya ndege wanahitaji somo lenye uangalifu. Mwanamke mtu mzima ana haki ya kwenda kutafuta riziki, na kumzuia kwa sababu tu ni mwanamke anayekwenda Uarabuni ni kumsukuma kwa dalali wa njia za panya. Aulizwe mkataba uko wapi, nani amelipa nauli, wakala anatambuliwa na TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, au la, na aondoke akiwa na namba ya ubalozi wetu.

Sasa mahali pa kufundishia. Tusiishie kwenye semina za siku tatu hotelini, zinazohudhuriwa na maofisa walewale na kumalizika kwa vyeti. Somo hili liwe sehemu ya mtaala wa Shule ya Polisi Moshi, ambako kuruta huanzia. Lirudiwe katika kozi za kupanda cheo Kidatu na Chuo cha Taaluma ya Polisi Kurasini, na katika chuo cha Zanzibar. Litungiwe mtihani, na asiyefaulu asivae cheo kipya. Moshi hiyohiyo kuna Chuo cha Uhamiaji, na tangu mwaka 2009 kipo kituo cha Shirika la Kimataifa la Uhamiaji kinachofundisha maofisa wa nchi mbalimbali za Afrika. Walimu tunao nyumbani. Kilichobaki ni kuwapelekea konstebo.

Wakisema fedha hakuna, tunajibu kwamba mwanzo wake hauhitaji fedha nyingi. Karatasi moja ya Kiswahili chepesi, yenye maswali matatu, dalili kumi na namba za kupiga, inaweza kubandikwa kila kaunta. Dakika kumi na tano wakati wa kupeana zamu, mara moja kwa wiki, zinatosha kulijadili tukio moja. Kituo cha Mabasi cha Magufuli kianze, kwa sababu ndiko mabinti wa mikoani wanakoteremka. Makondakta, mawakala wa tiketi na bodaboda wa pale waitwe wasikilize. Wao humwona dalali kabla ya polisi.

Jambo moja lifanyike bila kuchelewa: askari akishafundishwa, asihamishwe hovyo. Jeshi linapompeleka mtaalamu wa kuhoji watoto kulinda benki, limepoteza fedha za mafunzo na limempoteza mtoto wa kesho. Iwepo orodha ya waliofundishwa kwa kila wilaya, na mkuu wa polisi wa wilaya awajibike kuhakikisha kila zamu ina mmoja wao.

Na tuseme ukweli mchungu. Darasa haliwezi kumponya askari aliyekwisha kula fedha za dalali. Lori lililojaa watu halipiti vizuizi vingi kwa bahati. Kwa hao dawa ni TAKUKURU na mahakama, na Jeshi la Polisi liwe la kwanza kuwakabidhi. Askari waaminifu, ambao ndio wengi, hawatakuwa na moyo wa kusoma wakiona wenzao waliouza kizuizi wanabadilishiwa kituo tu.

Tunamaliza kwa ombi kwa Wizara ya Mambo ya Ndani na Mkuu wa Jeshi la Polisi. Julai 30 ijayo msituhesabie semina wala vyeti. Tuambieni waathirika wangapi walitambuliwa na askari wa vituo vya kawaida. Tuambieni majalada mangapi yalifunguliwa kwa Sheria ya 2008 na si kwa makosa madogo, mangapi yalifika hukumuni, na waathirika wangapi walilala makazi salama usiku wa kwanza. Mtupe hesabu ya kila mkoa, Bara na Zanzibar, na mwaka unaofuata mtupe tena. Yule binti wa kandambili awe ndani ya hesabu hiyo, na jina la askari aliyempokea vizuri lisomwe kwenye gwaride.